Mlangoni pa Stefano

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii Zaburi ya 24 imenikaba. Nikiisali asubuhi naenda vizuri mpaka penye swali, "Ni nani atakayepanda katika mlima wa Bwana?" Linalofuata ndilo linanisimamisha: "Mtu aliye na mikono safi na moyo mweupe." Hapo hapo linanijia jina la mtu aliyenidhulumu zamani, na moyo wangu si mweupe hata kidogo. Naruka mstari, naendelea, huku najua nimeruka.

Pengine ni kwa sababu jumuiyani kwetu hakuna habari nyingine ila hija ya Sinai. Rozari ikiisha tu, ni viatu gani vinafaa, viza inachukua muda gani, koti zito kiasi gani. Ni maswali ya haki. Jebel Musa, yaani Mlima Sinai wenyewe, ina mita 2,285, na msidanganywe na neno jangwa: usiku wa huko unauma mifupa, na majira ya baridi theluji huanguka. Mahujaji wengi huondoka kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina usiku wa manane ili jua liwakute kileleni. Wenye magoti kama yangu washike njia ya ngamia, ni pana na haina haraka, ingawa vidato 750 vya mwisho hakuna ngamia wa kukubeba. Atakayewaongoza ni Mbedui wa kabila la Jebeliya, Mwislamu, ambaye wazee wake wameihudumia na kuilinda monasteri hiyo tangu enzi za Kaisari Justiniani, karne ya 6. Hilo nalo lina tafakari yake siku nyingine.

Ila kuna njia ya pili, ya Vidato vya Toba. Ni mawe 3,750 hadi kileleni, na mapokeo yanasema yalipangwa na mmonaki mmoja akitimiza nadhiri ya kutubu. Juu kabisa katika njia hiyo kuna mlango wa mawe, tao tupu lililobanwa kati ya miamba. Hapo, karne ile ya 6, ndipo alipokuwa akikaa mkaapweke Stefano. Hujaji akifika aliungama kwake kwanza, na swali lilikuwa lile lile la Zaburi ya 24. Mpaka leo mifupa ya Stefano, imevikwa joho la kimonaki, imeketishwa mlangoni pa nyumba ya mifupa ya wamonaki kule chini.

Angalieni mlango ulipowekwa. Haukuwekwa chini, mahali ambapo kurudi ni rahisi. Mtu amevuka jangwa, amepanda mpaka pumzi imekata, kilele amekikaribia, ndipo anaulizwa habari za mikono yake. Bwana wetu alisema vivyo hivyo juu ya mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi: "Iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako."

Nami nawaambia, mikono ndiyo itakayowapandisha. Mkiacha vidato mkaenda Ras Safsafa, kile kilele kinachotazama uwanda wa Raha, ambacho Mmarekani Edward Robinson, mtaalamu wa Biblia, alikipanda mwaka 1838 akaamini ndiko Musa alikopewa Amri, mtafika mahali miguu peke yake haitoshi. Mfereji wa mwamba umesimama, na juu ya jiwe jekundu kuna chembe zinazoteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Unatafuta ufa, unaingiza vidole, unavuta jiwe kidogo kulijaribu kabla ya kuliamini. Nilipokuwa nimening'inia pale niliiona mikono yangu kwa karibu sana, imechubuka, imejaa vumbi, na nikakumbuka kila ilichowahi kusaini.

Sasa niseme lililonileta, mnisamehe ukali. Wapo kati yetu waliokwisha kulipa nauli ya Misri, na dada wa kazi hajaona mshahara wake miezi kadhaa. Anaambiwa "subiri kidogo, mambo yamebana". Yupo fundi aliyejenga ukuta wa mtu, ukuta umepakwa rangi, fundi anapigwa chenga kwenye simu. Yupo mjane aliyekopesha mwenzake fedha ya mchezo, na mwenzake huyo ndiye anayetuongozea nyimbo. Mtakatifu Yakobo hakusema na wapagani aliposema, "ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele." Alisema na watu wa sala. Mshahara ule unapiga kelele sasa hivi jikoni kwako, na utaendelea kupiga kelele wakati wewe uko mita elfu mbili juu umeinua mikono ukisema "Utukufu". Usinitumie picha ya jua likichomoza Sinai kabla hujamlipa huyo binti!

Na sisi tunaodai tusijifiche nyuma ya wanaodaiwa. Jina lile linalonijia asubuhi bado halijaondoka. Nimepata namba yake ya simu, naomba mniombee niipige.

Padre amekubali kukaa kwenye kitubio Alhamisi kuanzia saa kumi, kabla ya kikao cha hija. Mwenye deni aanzie kwa anayemdai, halafu ndiyo aje kwa Padre. Na kama kuna anayeogopa kwenda peke yake kugonga hodi, aniambie. Nitamsindikiza, nitakaa nje kwenye benchi mpaka amalize.