Nilivyowatambua wadudu wa ploti yetu kwa kuanza na miguu

Mvua za masika zikishika hapa Kahawa West, Nairobi, taa ya kibarazani huvuta kila mwenye mabawa. Kwenye ploti yetu jibu lilikuwa moja: dawa ya kupuliza. Inapulizwa jioni, watoto wanaivuta, na asubuhi tunafagia mizoga ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Jambo hilo liliniumiza. Kati ya aina zote za wanyama ambazo wanasayansi wameshazipa majina, zaidi ya robo tatu ni arithropodi, yaani wanyama wenye gamba gumu nje ya mwili na miguu yenye viungo: wadudu, buibui, nge, tandu, jongoo, kaa, kamba. Aina za wadudu peke yao ni takriban milioni 1. Tena tunaishi jirani na Kasarani, yaliko makao ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Nikaona hatuwezi kuendelea kuua tusichokijua.

Mimi ni fundi cherehani, sikusomea baiolojia. Nilikuwa na kitambaa cheupe cha pamba, balbu, chupa za plastiki zenye mdomo mpana, brashi laini, na lenzi ya kubana kwenye simu niliyonunua mtaa wa Luthuli mjini. Nikatundika kitambaa kwenye kamba ya nguo, mbali na milango, nikawasha balbu mbele yake. Watoto wa ploti hawakuhitaji kuitwa.

Sharti nililowapa lilikuwa hili: usiulize jina, hesabu miguu. Rangi inapotosha, na ukubwa unapotosha zaidi. Miguu sita na mwili wa sehemu tatu, huyo ni mdudu. Minane, huyo ni wa jamii ya buibui, nge na kupe. Ikiwa miguu imepangana mwili mzima, tazama kila pingili: jozi moja ni tandu, jozi mbili ni jongoo. Tandu ndiye wa kuogopwa, maana jozi yake ya kwanza imegeuka kuwa makucha ya sumu. Jongoo hali nyama yoyote hapa uani, anakula majani yaliyooza. Na wale wa kijivu wanaojificha chini ya vyungu vya maua, wenye miguu 14, ni ndugu wa kaa na kamba wa Mombasa. Wanapumua kwa viungo vinavyotaka unyevu, ndiyo maana huwapati juani.

Raha ilianza pale sharti lilipoyumba. Mtoto mmoja alinijia mbio na chupa: “Anti, huyu buibui ana miguu kumi!” Alikuwa amehesabu sawasawa alichokiona. Buibui wana vikono viwili karibu na mdomo, na kwa dume vimevimba nchani, kwa sababu ndivyo anavyovitumia kupitisha mbegu kwa jike. Mwingine akaleta kupe mdogo sana aliyetolewa kwenye sikio la mbwa, miguu sita tu. Kupe anapoanguliwa huwa na sita, na baada ya kujivua gamba anapata minane. Jongoo naye huanguliwa na miguu michache, kisha huongeza pingili na miguu kila anapojivua. Mwaka 2021 wanasayansi walieleza jongoo wa Australia mwenye miguu 1,306. Watoto walidai niwaonyeshe picha, nikawaonyesha.

Kujivua huko niliwaeleza kwa lugha ya kazi yangu. Gamba ni gauni lisiloachiwa pindo: mwili ukinenepa halipanuki, lazima livuliwe. Tofauti ni kwamba jipya linakuwa limeshashonwa chini ya la zamani, laini bado, na mpaka likauke, mnyama mwenyewe hana kinga. Tangu siku hiyo yale maganda matupu ya buibui pembeni mwa dirisha hayafagiwi kabla hayajatazamwa.

Kitambaani mgeni aliyezua hofu kuliko wote alikuwa mdudu mkubwa wa kahawia, tumbo refu la mviringo, anayegongagonga balbu. Wengi walisema ni nyigu. Kumbe ni dume la siafu. Hana uwezo wa kukudunga. Ametoka usiku kutafuta jike, basi.

Lakini aliyenisaidia kuwashawishi watu wazima ni yule mwembamba mwenye vipande vyekundu na vyeusi, ambaye hapa kila mtu anamwita Nairobi fly. Kwenye lenzi unaona mabawa mawili ya mbele ni magumu na mafupi, na mengine mawili yamekunjwa chini yake. Huyo ni mbawakawa. Haumi wala hana mwiba. Sumu yake, pederini, imo katika majimaji ya mwili, na hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike. Ukimponda akiwa shingoni mwako unajipaka mwenyewe, na malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili. Nilimpitisha mlango kwa mlango akiwa chupani, nikirudia maneno yale yale: usimpige, mpulize kwa pumzi au mwekee karatasi apande. Akishapondwa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, wala usiguse macho. Jirani yangu ambaye alikuwa amewahi kuungua shavuni ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Pia nilimtetea buibui mrukaji, yule mdogo mwenye macho mawili makubwa mbele. Anakula inzi na mbu. Kando ya Ziwa Victoria iko aina yake, Evarcha culicivora, inayopendelea mbu walioshiba damu. Kumpulizia dawa mnyama wa namna hiyo ni hasara yetu.

Mwenye ploti alikubali kubadilisha balbu za milangoni: zikawekwa za manjano, ambazo huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe. Ile nyeupe tunaiwasha kwenye kitambaa peke yake. Dawa sasa tunaitumia kwa mende wa jikoni, na kunguni wakionekana.

Nondo bado wananishinda. Miguu ni ile ile sita kwa wote, na aina zao ni nyingi mno kwa macho yangu. Kwa hiyo nimeanza kuwapiga picha mabawa yakiwa yametandazwa, pamoja na tarehe na hali ya mvua. Msichana wa nyumba ya mwisho ndiye mwenye daftari, na haruhusu mtu mwingine kuandika ndani yake.