Mwacheni muuguzi awahudumie wagonjwa wa kijani

Foleni ya dharura haijazwi na mahututi. Hao hupitishwa moja kwa moja. Benchi linajaa wa kijani, yaani wasio na haraka kubwa: kidonda cha kushona, kifundo cha mguu kilichoumia kwenye bodaboda, homa ya tangu juzi. Kwa mizani ya Afrika Kusini, inayowapanga wagonjwa kwa rangi kulingana na uharaka, mwekundu anaonwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani ndani ya saa 4. Wa kijani akimngoja daktari yuleyule anayehangaika na majeruhi wa barabara ya Morogoro, saa 4 zinapita bila kuguswa.

Marekani wanatumia wauguzi waliosomeshwa zaidi, wanaochunguza na kuandika dawa wenyewe. Mafunzo hayo yalianzia Colorado mwaka 1965. Kwetu kazi ya namna hiyo hufanywa na tabibu, aliye ngazi ya chini ya daktari. Hapa Dodoma, chumba kimoja cha wa kijani chenye tabibu na muuguzi mzoefu kinatosha kuanzia, mradi kuwe na maagizo ya maandishi yaliyosainiwa na mkuu wa idara.

Maagizo yawe ukurasa mmoja. Homa: kipimo cha haraka cha malaria kifanyike palepale mezani. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayeumwa tumbo: mkojo upimwe mimba kabla hajamwona daktari. Kifundo: bonyeza sentimeta 6 za mwisho za ukingo wa nyuma wa mfupa wa mguu, upande wa ndani na wa nje. Kama mfupa hauumi na anatembea hatua 4, picha ya kifundo haihitajiki. (Picha zisizo na sababu ndizo zinazoua asubuhi nzima.)

Mpango huvunjika siku muuguzi huyo anapoitwa kusaidia chumba cha mahututi, na huitwa kila siku. Asihesabiwe kabisa kwenye zamu ya huko. Hatari nyingine ni kijani bandia: mzee mwenye kisukari anayesema "vidonda vya tumbo" huenda moyo ndio unaoumwa, basi apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10. Anayesubiri muda mrefu apimwe tena presha, mapigo na upumuaji.

Dirisha la bima nalo likiwa moja, kasi yote inaishia hapo.

Na machela zikikaliwa na wanaongoja wodi, muuguzi hana la kufanya. Hilo litatuliwe wodini: walioruhusiwa asubuhi wangojee dawa na bili kwenye viti, kitanda kitandikwe.