Popo wa Amboni na bata wa bibi

Jamani, leo nawatetea popo. Tuliingia mapango ya Amboni na watoto wa kaka yangu, mmoja akang'ang'ania kuwa popo ni ndege kama bata wa bibi yake. Muongozaji akamulika tochi juu: bawa lile ni ngozi nyembamba iliyotandazwa kwenye vidole virefu, mishipa unaiona kabisa. Unyoya hakuna hata mmoja! Bata yule mwenye uso mwekundu (asili yake Amerika) anaatamia mayai mengi kwa siku kama 35. Popo anazaa, kwa kawaida mtoto mmoja tu, na anamnyonyesha. Kwa hiyo msiwapopoe kwa mawe, nawaomba sana. Ukiua mmoja, pengo lake halizibiki upesi, na wale wanaokula matunda ndio wanaotusambazia mbegu za miti.