Geji ya oili kwenye Mark II: isubiriwe dakika ngapi kabla ya kuikanyaga gari?

Juni 7

Gari ni Toyota Mark II Grande, GX110, injini 1G-FE yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kufunguka), silinda sita za mstari. Ilipokuwa mpya ilitoa farasi 160 kwenye mizunguko 6,200 kwa dakika. Leo nadhani kadhaa wameshatoroka zizini. Nakaa Njombe, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi huu saa 12 asubuhi kipimajoto cha barazani kinasoma nyuzi 8. Nikitoka mjini kuelekea Makambako nakutana mapema na vilima ambavyo malori ya mbao huvipanda yakikohoa. Hapo ndipo huwa naikanyaga ili niyapite.

Ugomvi ni huu: iungurume muda gani kwanza? Jirani yangu, mzee aliyeendesha mabasi mpaka akastaafu, anasema nusu saa. "Mwanangu, chuma hakiamshwi kwa kofi." Fundi wangu naye anasema, "Bosi, hizi za EFI, za kunyunyiza petroli kwa kompyuta, unapiga stata unaondoka, habari za kupasha ni za enzi za kabureta." Wote wawili wanaongea kwa uhakika na hakuna aliyewahi kupima. Mshale wa maji kwenye dashibodi haunitoshi, maana kinacholainisha beringi ni oili. Nimeagiza geji ya joto la oili kutoka Dar, pamoja na kisahani kinachokaa kati ya filta na bloku ili sensa ipate pa kuingilia.

Juni 15

Mzigo ulikuja na basi. Kisahani cha kwanza kilikuwa na nyuzi za skrubu za M20 (milimita 20), filta yangu ni robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa kila inchi. Kimerudi Dar, kingine kikaja. Wiki imepotea hivyo.

Leo nimefunga na nimejiaibisha. Filta ya zamani ilitoka bila raba yake. Raba ilibaki imeng'ang'ania kwenye bloku, nyeusi juu ya weusi, sikuiona. Nikafunga kisahani chenye raba yake juu ya ile, nikawasha. Sekunde mbili kimya, ya tatu oili ikaruka pembeni kama bomba la mtaani limepasuka. Nilizima haraka, lakini karibu lita nzima ilikuwa imeshalala chini na kuku wa jirani wanakuja kukagua. Raba mbili zikipandana hazishiki vizuri. Ukifungua filta yoyote, pitisha kidole kwenye bloku kabla ya kufunga mpya. Nimemwaga mchanga juu ya oili, nimeosha, nimefunga upya. Sasa pakavu.

Wakati huohuo nimetoa oili nzito ya 20W-50 aliyokuwa akitumia mwenye gari wa kwanza na kuweka nyepesi ya 5W-30. Najua gereji nyingi zinaamini gari ikizeeka inataka oili nzito, lakini kwa baridi ya hapa 20W-50 asubuhi inatiririka kama asali ya chini ya mzinga. Oili ikiwa nzito hivyo, ukipiga resi presha inapanda mpaka vali ya dharura ndani ya filta inafunguka, oili inapita bila kuchujwa. Kwa ufupi, unaikimbiza injini na uchafu wake.

Juni 22

Safari ya kwanza na geji. Nimewasha, nimekaa dakika moja, nikaondoka taratibu bila kuvuka mizunguko 2,500. Dakika 10: oili nyuzi 39. Dakika 20: nyuzi 58. Kwenye mteremko mrefu ikarudi 51! Mshale wa maji nao ulikuwa umeinuka kidole kimoja tu juu ya C (alama ya baridi), ukalala tena.

Nilidhani geji mbovu. Nikaichovya sensa kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto cha jikoni, zikapishana nyuzi mbili tu. Geji ni nzima.

Juni 23

Nimeshindwa kulala, nimefungua nyumba ya thamostati. Tupu. Hakuna kitu ndani, ila alama ya gasketi na kutu kidogo.

Siyo ajabu, ni mazoea ya gereji nyingi huku kwetu. Gari ikichemsha, thamostati ndiyo inashtakiwa kwanza. Inang'olewa, inatupwa, na feni iliyochoka au rejeta iliyoziba inabaki kama ilivyo. Mteja anaona mshale umeshuka, analipa, anashukuru. Kumbe kazi ya thamostati ni kuyafungia maji ndani ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Bila hiyo, maji ya baridi yanazunguka tangu sekunde ya kwanza, na injini haifiki kwenye joto lake hata ukiendesha mpaka Makambako.

Hapo mambo mawili yaliyonisumbua tangu ninunue gari yakajieleza yenyewe. La kwanza, ulaji wa mafuta. Sensa ikisoma maji baridi, kompyuta inaona gari ndiyo kwanza imeamka, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na sehemu ya petroli hiyo inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili niliyoimwaga wiki iliyopita ilinuka petroli. Nilidhani nimechafua vidole mwenyewe. La pili, ule ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Nilidhani maji yanavujia kwenye oili, nikaanza kuweka akiba ya gasketi ya silinda hedi. Ulikuwa mvuke tu: petroli ikiungua huzalisha maji, na oili isipopata moto wa kutosha hayakauki.

Juni 29

Thamostati mpya ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga niliichemsha kwenye sufuria. Kwa mwinuko wa Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo nafasi ya kuipima ipo. Kipimajoto kilipofika 81 ilianza kupumua, kwenye 90 ilikuwa wazi kabisa. Mama watoto aliuliza leo tunakula nini. Sufuria nimenunua nyingine.

Nimefunga, kile kitundu chenye kipini kikiangalia juu ili hewa itoke, nikajaza kulanti, nikaiacha iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Feni ya rejeta nimeikagua pia, isije ikawa yule fundi wa zamani alikuwa anakimbia tatizo la kweli. Inafanya kazi.

Julai 6

Asubuhi mbili, nyuzi 8 na nyuzi 9.

Ya kwanza, kwa mtindo wa mzee: imesimama, inaunguruma. Sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) ilianza kwenye 1,500, ikashuka yenyewe. Mshale wa maji ulifika katikati dakika ya 11. Dakika ya 15 oili ilikuwa nyuzi 44. Nikavumilia mpaka ya 20: nyuzi 53. Nikakata tamaa.

Ya pili: nimewasha, nimesubiri sailensa ishuke mpaka karibu 1,000, kama sekunde 70, nikaondoka kwa upole. Mshale ukafika katikati dakika ya 6. Macho kwenye geji: oili nyuzi 41. Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Mshale umesimama katikati, tunasema tayari, tunalipita lori. Dakika ya 12 oili 67, dakika ya 17 ikagusa 80, kisha ikatulia kwenye 90 na kidogo.

Kwa hiyo kwa gari yangu, kwa baridi ya huku, ni dakika 11 za upole baada ya mshale kufika katikati. Na ule mshale ukishafika pale haupigi hesabu tena, umetengenezwa usiyumbe ili usitutishe. Kusimama na kuunguruma kunapasha polepole kwa sababu injini haina mzigo. Halafu oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) haipati kitu, na ya gia haipati joto la maana.

Julai 13

Nimempandisha mzee, shikamoo ikiwa bado mdomoni macho yake yako kwenye geji. Alikaa kimya mpaka ilipofika 60. Kisha akasema basi lake asubuhi lilikuwa lazima liungurume, kwa sababu breki zake ni za upepo na matangi yalikuwa yanalala matupu. Bila presha kutimia breki haziachii, gari haliondoki. Abiria wanapakia mizigo, kondakta anakata tiketi, nusu saa inakwisha. Sikuwahi kuwaza hilo. Alichokuwa anasubiri ni upepo, na injini ikapata moto bure.

Geji ilipofika 82 akagonga dashibodi: "Haya, sasa lipite." Gia ya pili, mizunguko 5,500, lori likabaki nyuma. Akacheka kama kijana.

Julai 20

Naendelea hivi: chini ya 60 sivuki 2,500, kati ya 60 na 80 sivuki 3,500, juu ya hapo ni mimi na barabara. Nilipoteremka Dar wiki hii, alfajiri isiyo na baridi ya Njombe, 80 ilifika dakika ya 12. Hata huko bado si jambo la dakika mbili.

Kijiti cha oili hakinuki petroli tena na ute chini ya kifuniko umekauka. Kilichobaki ni taa ya geji. Usiku inaniwakia machoni kama tochi ya askari wa barabarani. Kwa sasa nimeibandika selotepu nyeusi.