Siku moja maishani mwangu: fundi wa Sakina na kilomita 1,000 za Rwanda

Saa 10:15 alfajiri. Kengele ya simu imenikuta macho. Nimelala na hesabu za tyubu kichwani: mbili au tatu? Zimebaki siku kumi na tisa niwe Kigali kwenye mstari wa kuanzia mashindano ya baiskeli ya Race Around Rwanda. Ni kilomita 1,000, unatoka Kigali na unarudi Kigali, na hakuna gari la kukufuata. Chakula ununue dukani kama mpita njia mwingine yeyote, na baiskeli ikiharibika utengeneze mwenyewe. Kwa kuwa mimi ni fundi baiskeli hapa Sakina, Arusha, watu wanadhani hilo la pili nimeshapewa bure. Ngoja tufike usiku.

Saa 10:50. Napanda Ilboru taratibu, na kazi yenyewe iko wakati wa kushuka. Jana nimefunga padi mpya za breki, zile za chembechembe za chuma. Zina kelele, lakini kwenye tope zinadumu kuliko za kawaida, na Rwanda ukishapanda saa nzima unashuka na mzigo wako wote. Padi mpya haziendi mashindanoni zikiwa mbichi. Unaachia baiskeli ikolee mwendo, unabana bila kuisimamisha kabisa, unaachia tena. Nimerudia mara ishirini hivi. Kwenye ile ya kumi na tano nikasikia breki imeanza kuuma, kidole kimoja kinatosha. Mbwa wa Ilboru wote wameshanijua.

Saa 12:30 asubuhi. Chai ya rangi, chapati mbili, na kashata ya karanga kwenye karatasi. Mke wangu anauliza kwa nini mtu mzima anakula kashata asubuhi. Nataka kujua tumbo langu linasemaje kabla ya kuibeba njia nzima. Nilishajaribu zile jeli za pakiti za wazungu, moja ilinikimbiza msalani kabla sijamaliza kilima. Kashata, mayai ya kuchemsha, ndizi, na pakiti za ORS kutoka duka la dawa: hivyo tumbo linavikubali, na sehemu kubwa nitavipata njiani. Hata neno la kuombea maji sina haja ya kulikariri, kwa Wanyarwanda maji ni amazi.

Saa 1:45. Nafungua kibanda. Pancha, pancha, pedeli iliyokatika, mtoto wa shule ambaye cheni imemla suruali. Dogo ninayemfundisha kazi anashughulikia pancha, mimi nanyoosha rimu ya mteja. Hapa sina la kusimulia, ni kazi kama ya jana.

Saa 3:20. Anafika mzee mmoja anayebeba majani ya ng'ombe. Tunafahamiana miaka mingi. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, spoki mbili zimekatika nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hii nayo ya nani?"

Anaiangalia baiskeli yangu imeegemea ukutani. Ni fremu ya mtumba ya chuma, giya moja mbele ya meno 30, nyuma kubwa ya meno 46, na mzigo nimeshaufunga kwa ajili ya usiku: mfuko chini ya siti, mwingine katikati ya fremu, furushi la nguo na turubai mbele kwenye usukani. Namwambia ni yangu, ya safari ya Rwanda. Hakuuliza Rwanda kuna nini. Alikamata siti na usukani, akainua baiskeli kiasi cha shubiri, akaiachia. Kho-kho-kho.

"Unasikia? Mzigo wako unacheza."

Akainua tena, safari hii ameinamisha sikio kama daktari. Kilichogonga ni kopo la mafuta ya cheni, na lile furushi la mbele lilikuwa linayumba kushoto. Mzee akafungua mkanda wangu wa plastiki wenye kufuli, ule nilioagiza kwa fedha ya watu, akaomba mpira. Nikamkatia ukanda kutoka kwenye tyubu kuukuu, kama ile anayofungia majani kila siku. Akazungusha mara tatu huku akiuvuta hadi ukawa mwembamba, akachomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Hakuna fundo. Ukitaka kufungua unavuta ncha, basi.

"Majani yakicheza," akasema, "baiskeli inakuamulia njia ya kupita."

Nikainua, nikaachia. Kimya. Spoki zake nimezibadilisha bila kumdai hela, na mikanda yangu ya kuagiza nimempa dogo.

Saa 6:10 mchana. Kwa muuza nyama, jirani yangu. Mizani yake ya kuning'iniza ndiyo mizani ya baiskeli yangu tangu Novemba. Wiki iliyopita ilisoma kilo 19 na nusu bila maji. Leo imesoma 17.4. Zilizopungua ni suruali ya pili, spana nzito za karakana, tochi ya tatu na koti ambalo nilikuwa nabeba kwa woga tu. Koti jepesi la mvua limebaki, kwa sababu Februari Rwanda huwa kuna nafuu ya mvua lakini vilima vile havina mkataba na mtu. "Kilo kumi na saba," anasema muuza nyama, "hiyo nakuuzia kama mbuzi." Wateja wanacheka, nainua mbuzi wangu naondoka.

Saa 8:00. Kwa fundi cherehani anayeshona maturubai ya malori. Mifuko ya baiskeli inayouzwa mtandaoni, mmoja tu ni bei ya mbuzi kweli. Huyu amenishonea wa fremu kwa turubai la lori na uzi wa nailoni, nikamchorea umbo kwenye boksi. Leo anarekebisha zipu: ilikuwa inafungukia upande wa cheni, nikaomba ihamie kushoto ili tope lisiile. Ananiuliza nguo zangu nitazikinga na nini, si ningeweka tu kwenye mifuko ya plastiki? Namkumbusha Rwanda waliipiga marufuku mwaka 2008, sisi wenyewe 2019. Akakata kipande cha turubai laini, akanishonea kifuko cha kukunja mdomo mara tatu. Kwa hicho alikataa hela.

Saa 10:30 jioni. Mwenzangu tutakayesafiri naye kwa basi hadi mpaka wa Rusumo amepiga simu, bado anabishania dainamo ya kwenye habu, pale katikati ya gurudumu. Anasema umeme wa bure. Bure kwenye tambarare! Kilimani, kwa mwendo wa kilomita saba kwa saa, dainamo haikuchajii simu ya maana, na Rwanda utakuwa kilimani mchana kutwa. Mimi nabeba pawabenki mbili na nitachaji nikipata gesti. Hatukuafikiana. Tumeafikiana kuhusu nauli ya baiskeli kwenye buti la basi, ambayo konda ataipandisha hata hivyo.

Saa 1:05 usiku. Natoka kwa barabara ya Namanga, malori yakinipita, nakaa nje ya lami kila penye nafasi. Baiskeli iko kimya kabisa, nasikia tairi tu. Wasiwasi mwingine ni mkono wa kulia: Rwanda wanaendesha upande huo, na mtu aliyekosa usingizi hurudia mazoea. Nimebandika plasta nyekundu kwenye hendeli ya kulia.

Saa 3:00. Karibu na Oldonyo Sambu naingia pembeni, nazima taa zote, natoa upepo tairi la nyuma makusudi. Tairi zangu hazina tyubu, ndani kuna ute mweupe wa kuziba matundu, ila tundu likizidi ute hausaidii: unaweka tyubu gizani, kwa mikono. Wiki iliyopita nilitumia dakika 23, maana pampu ilikuwa chini ya mfuko. Mimi, fundi.

Leo niko katikati ya kazi, tochi ya mlinzi ikanimulika.

"Kaka, umeharibikiwa?"

"Hapana, najifunza."

Akanyamaza kidogo. "Unajifunza kuharibikiwa?"

Dakika 11. Alinishikia tochi ingawa nilimwomba aizime.

Saa 5:40. Nyumbani, kila mtu amelala. Namwaga vifaa kitandani nivihesabu: tyubu tatu (nimeamua), viraka, solushoni, kiungo cha cheni, padi jozi mbili, kikono cha akiba cha deraila (ile inayohamisha cheni kwenye giya), vijiko vya kubandulia tairi viwili.

Nilitoka na vitatu.