Siku 45 za Rufaa: Nilivyompigania Binti Yangu Huko Moshi

Hukumu ilisomwa mwezi Aprili 2018, masika yakiwa yamekolea, na mvua iliyokuwa ikipiga bati la mahakama ilimeza nusu ya maneno ya karani aliyekuwa akinitafsiria. Sehemu ya talaka niliitarajia, kwa kuwa baraza la usuluhishi la kata lilikwisha kutoa cheti kwamba limeshindwa kutupatanisha. Nilichokisikia sawasawa ni kwamba binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne na miezi mitano, angekaa na baba yake, kwa sababu baba ana nyumba kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, ilhali mimi nauza mitumba katika soko la Memorial na kulala kwenye chumba kimoja cha kupanga huko Pasua. Baba huyo alikuwa akifanya kazi na kuishi Dar es Salaam. Nyumba iliyotajwa ilikuwa ya mama yake mzazi, na hakuna aliyekuwamo mahakamani siku ile asiyelijua hilo.

Jioni wenzangu wa kwaya walikuja kunifariji kama watu wanavyokwenda msibani, wakakaa kwenye mkeka, na kila mmoja alipoondoka aliniambia, "Mwachie Mungu." Sikuwa na sababu ya kuwabishia. Nilifunga, nikakesha, nikaenda ibada ya asubuhi kila siku, nikiamini kwamba kunyamaza kwangu ndiyo imani yenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba siku zilikuwa zinahesabiwa.

Siku ya ishirini na nne, mama mmoja wa pale sokoni, ambaye alikuwa amepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, aliniuliza kama nimeshachukua nakala ya hukumu. Nilipomjibu kwamba nimemwachia Mungu, alikunja suruali aliyokuwa akiipiga pasi, akaniambia bila kupandisha sauti, "Sawa, mwanangu, lakini Sheria ya Ndoa imekupa siku 45 tu za kukata rufaa Mahakama Kuu, na Mungu hatakuja kupanga foleni masijala kwa niaba yako." Nilikasirika siku nzima. Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa masijala.

Jambo lililoniumiza zaidi, na ambalo sikulitegemea, ni kwamba rufaa ya shauri la ndoa kwenda Mahakama Kuu huwasilishwa katika mahakama ileile iliyotoa uamuzi unaoupinga. Kwa hiyo nilirudi kwenye benchi lilelile na kwa karani yuleyule, ambaye aliniambia jalada liko kwa mheshimiwa, nije kesho. Nilikwenda mara sita. Mama yule alinielekeza niandike barua ya kuomba nakala na nigongewe muhuri wa kupokelewa, ili kama siku zingepita, ucheleweshaji usihesabiwe kuwa wangu. Barua hiyo bado ninayo, imekunjwa ndani ya Biblia.

Nakala ilipotoka ilikuwa na kurasa tisa, zote kwa Kiingereza. Sheria ilikuja kubadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini mimi nilikuwa nimetangulia, na ilinilazimu kumwomba mtu mwingine anisomee nani atamlaza mwanangu. Mwanasheria wa shirika moja la msaada wa kisheria alinisomea taratibu, kisha akanionyesha kisichokuwamo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinautanguliza ustawi wa mtoto kuliko jambo jingine lolote, na kinaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini katika kurasa zote tisa haikutajwa hata kwa kupingwa. Hapakuwa na taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Wala haikutajwa kadi ya kliniki ya mtoto, niliyoitoa mwenyewe kama kielelezo na ikapokelewa.

Naomba niieleze kadi hiyo. Ilikuwa imechakaa pembeni, ina doa la uji kwenye mstari wa uzito, na ndani yake mna tarehe za kila mwezi niliombeba mgongoni, pamoja na chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya miezi kumi na minane. Sikuwa na hati ya nyumba ya kumwonyesha hakimu; nilikuwa na hiyo.

Sababu nne za rufaa ziliandikwa bila mimi kutozwa chochote, na ziliwasilishwa siku ya arobaini na tatu.

Rufaa peke yake haikuirudisha hali ya awali, kwa hiyo mtoto alibaki Kibosho, kwenye nyumba ile ya bibi yake. Hukumu ilinipa haki ya kumwona Jumamosi. Nilipanda daladala, nikafika getini saa kumi jioni, na mama mkwe alinijibu kwa upole uliozidi matusi, "Mtoto amelala, mwanangu." Simchukii, kwani naye alikuwa akimpenda kwa namna yake, lakini nilishuka mlima mara nyingi nikiwa na mfuko wa maembe ambao haukufunguliwa.

Katika miezi hiyo niliacha kuutamka mstari mmoja wa Sala ya Bwana. Tulipofika "mapenzi yako yatimizwe" nilifunga mdomo, nikasubiri mkate wa kila siku, ndipo nikaendelea na wenzangu. Mchungaji aligundua. Aliniita ofisini, nami nilitarajia kukaripiwa. Badala yake aliniambia nisimsingizie Mungu saini ambayo si yake, na kwamba yule mjane wa Injili ya Luka hakusifiwa kwa kukaa nyumbani, bali kwa kumwendea kadhi dhalimu mpaka akachoka naye. Mahubiri mengi niliyoyasikia nimeyasahau, lakini hayo bado ninayo.

Machi 2019 jaji alisoma uamuzi wake. Aliipitia upya hoja ya nyumba na hoja ya umri, akaitaja kadi ya kliniki kwa namba yake ya kielelezo, akaamuru mtoto arudi kwangu, na baba amwone mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo. Nilidhani ningepiga kelele. Nilikaa tu, nikaomba maji.

Binti yangu aliporudi alinipa shikamoo, akabaki amesimama mlangoni kama mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Kwa wiki kadhaa alilala ameugeukia ukuta. Nilimpikia ndizi, sikumhoji, na usiku mmoja aliuliza mwenyewe kama kesho atapelekwa tena.

Sasa yeye ndiye anayetuongoza katika sala ya jioni, kwa sauti kubwa, akikimbiza maneno. Akifika kwenye mstari ule hupunguza mwendo na kunitazama mdomo, maana amekwisha kujua kwamba siku nyingine mama husema na siku nyingine hasemi, kisha anausema yeye kwa niaba yetu wote wawili na kuendelea na mkate.