Alisema "Haya"

Bibi amerudi Tukuyu leo asubuhi, wifi amepangiwa siku ya mahari, na kazini ukaguzi umepita salama. Wiki ilijaa kweli. Ila sasa ni saa 5 usiku, niko jikoni na daftari la mwanangu Kadogo, na kinachonizunguka kichwani ni neno moja tu la bibi yake: "Haya."

Ilikuwa jana baada ya chakula cha mchana. Kwa kuwa Kadogo anatimiza mwaka wiki ijayo, baba yake alilitoa lile daftari la jalada la bluu, tulimoandika saa za kunyonya, nepi na joto lake alipokuwa mchanga, akaanza kutusomea. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza kurasa kama tatu, kisha akasema bila kuinua macho, "Huyu mlimlea kwa saa. Sisi tulilea kwa mkono."

Nikamjibu, "Saa ndiyo iliyomkuza, mama."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Haya," akasema. Akaendelea na maharage.

Basi. Hakuna aliyegomba, chai ikanywewa, Kadogo akamiminiwa uji. Lakini tangu jana nalirudia lile "haya" kwa kila sauti. Kuna haya ya kukubali, na kuna haya ya kumaliza maneno na mtoto asiyesikia. Sijui jana ilikuwa ipi.

Nilichotaka kusema ni hiki. Kadogo alizaliwa wiki ya 36, kilo 2 na gramu 150, mwezi wa Juni, hapa Uyole ambapo usiku wa Juni unashuka chini ya nyuzi 10. Mtoto wa uzito huo hana nguvu za kulilia njaa. Analala, na kadiri anavyokosa maziwa ndivyo anavyozidi kulala. Watu wanaomwona wanasema "mtoto mpole". Ukimsubiri alie ndipo umnyonyeshe, umeshachelewa. Ndiyo maana ya saa: 12, 3, 6, 9, mchana na usiku, mara nane, bila kujali amelala usingizi wa namna gani.

Kumwamsha nako kuna utaratibu. Nepi inabadilishwa kabla ya kunyonya, si baada, kwa sababu ule ubaridi kidogo wa kufunuliwa unamzindua. Unasugua nyayo kwa kidole gumba. Unamkalisha kidogo, mkono umeshika kidevu na shingo. Akifungua mdomo mpana kama anayepiga mwayo ndipo unamleta kwenye titi, kidevu kikitangulia, na ile sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Akishika chuchu peke yake utasikia sauti ya kubusu, utapata vidonda, na yeye atatoka na njaa ileile.

Kadogo alikuwa akinyonya dakika tano anachoka. Kilichobaki kilikamuliwa. Bakuli la mdomo mpana lililochemshwa, mikono imenawiwa kwa sabuni, kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu. Unasukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo unabana, unaachia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Vikiteleza ngozi inachubuka na maziwa hayatoki. Dakika ya kwanza hutoka matone tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema hawana maziwa.

Kiasi tulikipigia hesabu kwenye daftari. Mtoto mdogo huanza na mililita 60 kwa kila kilo siku ya kwanza, zinaongezwa 20 kila siku hadi zifike 160. Siku ya sita: 160 mara kilo 2.15 ni 344, gawanya kwa nane, mililita 43 kila mlo. Tulitumia kikombe kidogo cha dawa chenye mistari, maana chupa ya chuchu ni kazi kubwa kuisafisha na ilikuwa inamchanganya kwenye titi. Kikombe kinaegeshwa kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse mdomo tu, yeye mwenyewe ayalambe kwa ulimi. Usimmiminie. Ukimmiminia anapaliwa, na mtoto mdogo hivyo anaweza kupaliwa kimya, bila kukohoa, unashtukia midomo imebadilika rangi.

Daftari lilikuwa na safu tano: saa, titi, mkojo, choo, joto. Kushoto na kulia zote zinaanza na "ku", na saa 9 usiku macho hayasomi, kwa hiyo kushoto iliandikwa kwa wino mwekundu na kulia kwa bluu. Choo cha siku za kwanza ni cheusi, kinanata kama lami. Siku ya nne au ya tano kinapaswa kuwa cha njano chenye punjepunje. Kikibaki cheusi hadi siku ya tano, maziwa hayamfikii. Mkojo vilevile: siku ya kwanza nepi moja iliyolowa, ya pili mbili, na kuanzia siku ya tano zisipungue sita. Ndiyo sababu mchana tulikataa pampasi. Pampasi inameza mkojo wote, unashindwa kujua kama amekojoa mara moja au mara tatu.

Uzito alipungua hadi kilo 2 na gramu 10 siku ya nne. Bibi alilia siku ile. Lakini kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida kwa kila mtoto, mradi isipite sehemu moja ya kumi na arudie uzito wake karibu wiki mbili. Alirudia siku ya 13. Wiki ya sita kilo 3 kamili, ya kumi 3.9, ya kumi na nne 4.8. Hizo zote ni siku za chanjo, ndiyo maana nazikumbuka: matone ya polio na ya kuhara mdomoni, sindano mapajani, na wiki ya 14 kuna sindano ya polio ya ziada. Ile ya kifua kikuu ya begani aliyochomwa alipozaliwa ilifura baadaye, ikawa kakidonda ka usaha, na watu wakashauri kila kitu kuanzia spiriti hadi mafuta ya nazi. Hakipakwi kitu. Kinakauka chenyewe na kuacha kovu.

Sasa jiko. Hapa ndipo mimi na bibi tulipogusana vibaya zaidi, na hapa sirudi nyuma hata leo. Usiku wa tatu alileta jiko la mkaa chumbani, mkaa umeshakolea, mwekundu, hauna moshi. "Moshi umeisha, mama Kadogo. Huu ni moto msafi." Na huko kwetu ndivyo wengi wanavyoamini, kwamba ukingoja moshi uishe nje basi hatari imebaki nje. Sivyo. Ile gesi ya monoksidi ya kaboni haina rangi, haina harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoitoa vizuri tu. Inashika damu mahali pa oksijeni na haiachii upesi. Wenye chumba wanasikia kichwa kuuma na usingizi, wanajifunika vizuri, wanalala. Mtoto mchanga anahema haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo inamuwahi. Kila baridi inapokuja nyanda hizi tunasikia nyumba fulani hawakuamka. Nilinyanyua jiko nikalitoa uani na mshono wangu ukiuma, bibi akinitazama.

Badala ya jiko, kifua. Kadogo uchi, amevaa nepi, soksi na kofia tu, wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili koo lisijikunje. Kitenge kinazungushwa kwa kubana, ukingo wa juu uishie chini ya sikio lake, fundo lisiwe mgongoni pake. Juu ya hapo sweta, juu ya sweta shali. Wanaiita kangaruu, na ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali ambayo mashine za joto hazikutosha watoto. Baba Kadogo aliipokea zamu ya kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4, amekaa nusu kulala kwa mito miwili. Kifua cha baba kinapasha sawasawa na cha mama. Inayoharibu ni nguo iliyolowa: nepi ikivuja, kofia ikiloa jasho au maziwa, joto lote linatoka hapo. Kofia tulikuwa nazo nne zikizungushana, na nepi zote zilipigwa pasi, maana jua la Juni linakausha juu lakini mshono unabaki na unyevu.

Kuoga tulisubiri, na baadaye ikawa saa 7 mchana tu, dirisha limefungwa, taulo limepashwa kwanza, kichwa kikioshwa mwisho na kukaushwa papo hapo. Jua la asubuhi kwa ajili ya umanjano sikulikubali pia. Kumvua mtoto wa kilo mbili kwenye upepo wa Uyole ni kumpoza, na umanjano uliofika viganjani au nyayoni dawa yake ni hospitali na zile taa za bluu.

Haya yote ni saa na vipimo, na ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni nilipomjibu bibi.

Usiku huu nimefungua siku ya 17. Safu ya joto ni tupu. Siku ya 18, tupu. Ya 19, ya 20, tupu. Nikakumbuka: ile betri ya kidonge ya kipimajoto ilikwisha. Ndizo siku nilizolala, mara ya kwanza tangu kujifungua, maziwa yamekamuliwa yako kwenye kikombe chenye mfuniko, bibi na baba Kadogo wakikesha. Pembeni mwa safu, kwa mwandiko wa baba Kadogo, wino mwekundu na bluu umechanganyika:

"Saa 6. Bibi: tumbo moto, miguu baridi. Shali."

"Saa 9. Bibi: vyote moto, shingo ina jasho. Kofia ya pili itoke."

"Saa 12. Bibi: sawa."

Siku nne, milo 32, na kila mmoja una neno. Nyuma ya kiganja tumboni, kisha nyayoni. Tumbo moto na miguu baridi, mtoto anaanza kupoa. Vyote baridi, ameshapoa, kifuani mara moja na safari ya hospitali. Kipimajoto cha kwapani kingesema chini ya 36.5 na tungefanya hayohayo. Muuguzi wa kliniki alitufundisha kipimo hicho wiki ya sita, nikamsikiliza kana kwamba ni kipya, na bibi amekaa kwenye benchi lilelile.

Kisha nikaitazama safu ya mkojo. Bibi hakai na kalamu. Alikuwa na kikombe cha bati juu ya kabati, na kila nepi iliyolowa alidondosha punje moja ya maharage. Asubuhi baba Kadogo alihesabu akaandika: 6, 7, 7, 8. Tarakimu zile nilizokuwa nikizipeleka kliniki kwa fahari zilitoka kwenye kikombe chake. Na jana alikuwa ameshika maharage mkononi.

Hakulisema hilo. Alikuwa nalo kabisa na hakulisema, akasema "haya".

Alipiga simu jioni, kabla sijafungua daftari. "Nimefika. Kadogo amekula?" Nikasema amekula, mama, ameshalala. Akauliza kama ile kofia ya kijani imekauka. Nikasema bado. "Haya, mlale." Nimejaribu kulinganisha haya hii na ile ya jana, zinafanana na hazifanani. Saa hizi amelala, siwezi kumpigia. Nimekitoa kikombe cha bati kabatini. Chini kimebaki punje moja, imekauka na kuganda kwenye kutu, nimeiacha hapohapo.

Kesho alfajiri lazima nipite Igawilo kabla ya kazi. Kijana wa shamba amesema viazi vimeanza madoa ya kahawia kwenye majani, na umande ukiwepo kuna utando mweupe kwa chini. Kama ni ukungu, ekari nzima inaweza kulala ndani ya wiki, na zimebaki wiki tano hadi kuvuna.